Kuelekeza Plagi ya Injini: Je, Kuna Faida?

Likizo ya Juni iliyopita niliiharibu pikipiki ya mjomba wangu. Sikuiharibu kwa kuiendesha, maana sina ruhusa ya kuiendesha, bali kwa spana na kwa elimu niliyoipata nusu. Mhariri wa gazeti letu alipoisikia habari hiyo bwenini alicheka kwanza, kisha akaniambia niiandike, kwa kuwa wengi wetu tuna baba, kaka au wajomba wenye pikipiki, na wengi tusomao Fizikia hupenda kushika spana tukifika nyumbani. Basi naiandika, na nitaeleza jambo lenyewe tangu mwanzo ili hata asiyesoma Fizikia aweze kunifuata.

Jambo lenyewe ni hili. Wako watu wasemao kwamba haitoshi plagi ya injini kukazwa tu. Yafaa pia ielekezwe upande maalumu, na kwamba ikielekezwa hivyo injini hupata nguvu zaidi na kunywa petroli kidogo. Maneno hayo niliyasikia kwa kijana mmoja katika gereji iliyo karibu na nyumbani. Alisema kweli. Au tuseme alisema sehemu ya kweli, na sehemu iliyobaki niliijaza mwenyewe.

Aliye na plagi kuukuu na aishike mkononi tuitazame pamoja. Juu kuna kauri nyeupe, ambayo kazi yake ni kuuzuia umeme usitoroke njiani. Katikati kuna chuma chenye pande sita cha kukamatia spana. Chini kuna mistari ya hesi, ambayo mafundi wetu huiita nyuzi, na hapo nyuzi zinapoanzia kuna kipete chembamba cha bati kiitwacho washa. Mwisho kabisa utaona kijiti kifupi kilichochomoza katikati ya kauri, na juu yake kipande cha chuma kilichotoka ubavuni na kupinda kama kidole kinachotaka kukigusa kijiti kile lakini hakikigusi. Kipande hicho nitakiita ulimi. Nafasi iliyo kati ya ulimi na kijiti ndiyo mwanya, na katika pikipiki nyingi mwanya huo ni milimita 0.6 hadi 0.7, yaani kama karatasi nane za daftari zikibanwa pamoja. Sasa izungushe plagi polepole. Upande mmoja ulimi unauziba mwanya usionekane vizuri, na upande wa pili mwanya uko wazi kabisa. Maneno yote ya kuelekeza plagi yanahusu upande huo ulio wazi: utazame wapi plagi ikiwa imekwisha kukazwa ndani ya injini?

Cheche ya umeme ilianza kutumika katika injini zamani. Étienne Lenoir aliitumia katika injini yake ya gesi mwaka 1860, Nikolaus Otto akafaulu kuiendesha injini ya mapigo manne mwaka 1876, na mwaka 1902 Gottlob Honold, aliyekuwa akifanya kazi kwa Robert Bosch huko Ujerumani, akatengeneza magneto ya volti nyingi pamoja na plagi yake, na plagi hiyo haitofautiani sana na hii tunayoishika leo. Tangu hapo kauri imekuwa bora na vyuma vimekuwa vigumu zaidi, lakini kijiti, ulimi na mwanya ni vilevile.

Tuangalie sasa kazi yake. Pistoni inaposhuka huvuta ndani mchanganyiko wa hewa na petroli kupitia valvu ya kuingizia. Ikipanda huubana mchanganyiko huo. Kabla kidogo pistoni haijafika juu kabisa, koili hutuma umeme wa volti 10,000 na zaidi kwenye kijiti cha kati, na kwa kuwa umeme huo hauna njia nyingine, huruka mwanya na kufika kwenye ulimi. Hiyo ndiyo cheche. Cheche huzaa moto mdogo sana, kama kichwa cha pini, na moto huo mdogo ndio unaopaswa kukua na kuenea chumba kizima kabla pistoni haijashuka mbali.

Na muda ni mchache. Tufanye hesabu. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, inazunguka mara 50 kwa sekunde, kwa hiyo mzunguko mmoja huchukua sekunde 0.02. Pistoni hushuka kwa nusu mzunguko, yaani sekunde 0.01, na moto wenye faida ni ule uliomaliza sehemu kubwa ya kazi yake pistoni ikiwa bado karibu na juu. Basi moto una muda wa elfu chache tu za sekunde. Katika injini ya mapigo manne jambo hilo hurudiwa mara 25 kila sekunde, na wataalamu waliopima wameona kwamba hata katika injini nzima isiyo na kasoro, mapigo mawili hayafanani kabisa. Moja moto hukua upesi, lingine hukawia kidogo. Sababu kubwa ni yale yanayoupata ule moto mdogo unapozaliwa.

Hapa ndipo ulimi unapoingia katika habari. Chuma hunyonya joto. Moto uliozaliwa mwanyani una ulimi juu yake na kijiti chini yake, navyo vyote viwili huupoza. Zaidi ya hayo, mchanganyiko ulio ndani ya silinda haukutulia kama maji ya mtungini. Unazunguka kwa nguvu kwa sababu ya namna ulivyoingia. Upepo huo ukikuta upande ulio wazi, hupita mwanyani, huitandaza cheche na kuutoa moto nje mahali penye nafasi. Lakini ulimi ukisimama mbele ya upepo, moto hubaki nyuma yake kama mtu aliyejibanza nyuma ya nguzo, na hukawia kukua. Nadhani msomaji ameona sasa kwa nini nilisema kijana wa gereji alisema kweli. Katika maabara jambo hili hupimika.

Walioanza kulishughulikia kwa mikono yao ni mafundi wa magari ya mashindano. Kabla ya kuifunga plagi huichora alama kwenye kauri kwa kalamu ya wino mzito, sawasawa na upande ulio wazi. Wakisha kuikaza hutazama alama inaelekea wapi, maana ulimi wenyewe hauonekani tena. Mafundi wengi hupenda upande ulio wazi utazame valvu ya kuingizia. Wengine husema utazame katikati ya chumba. Na wako washikao kwamba utazame valvu ya kutolea moshi. Kutokubaliana huko si ajabu, kwa kuwa upepo wa ndani haufanani katika injini zote. Tena wao wana sababu nyingine isiyo ya moto hata kidogo: katika baadhi ya injini za mashindano pistoni hupanda juu mno, na ulimi ukikaa upande mbaya huweza kugongwa.

Alama isipokaa wanapotaka, hawaendelei kukaza. Hujaribu plagi nyingine ya aina hiyohiyo kutoka boksini, maana kwa plagi za kawaida kiwanda hakijali nyuzi zimeanzia wapi kwa kulinganisha na ulimi, kwa hiyo kila plagi hukaa kivyake. Ama huondoa washa ya plagi na kuweka washa ya shaba yenye unene wanaoutaka. Hesabu yake ni nyepesi, na ningeifanya mapema mjomba asingepata hasara. Plagi yenye kipenyo cha milimita 14, na hata ile ya milimita 12 iliyo katika pikipiki nyingi za mizigo na abiria, huingia ndani milimita 1.25 kwa kila mzunguko mmoja. Kwa hiyo robo ya mzunguko ni milimita 0.31, na nusu ya mzunguko ni milimita 0.625. Ukitaka plagi ikome robo mzunguko mapema, weka washa iliyo nene zaidi kwa milimita 0.31. Basi.

Mimi sikuwa na washa za shaba wala sikujua kuwa zipo. Nilikuwa na spana ya plagi, alama ya wino, na asubuhi ya Jumamosi ambayo mjomba alikuwa amekwenda msibani kwa basi. Niliifungua plagi, nikachora alama, nikaifunga tena. Alama ikakoma ikiwa imebakiza kama robo mzunguko kufika kwenye valvu ya kuingizia. Nikasema moyoni kwamba robo mzunguko si kitu. Nikachomeka kipande cha bomba katika mkono wa spana ili niupate wepesi.

Mwalimu wetu wa Fizikia amenifanya niihesabu nguvu ile tangu siku hiyo mara nyingi kuliko nipendavyo. Plagi ya milimita 12 katika kichwa cha silinda cha aluminiamu hutaka kukazwa kwa nyutoni-mita 15 hadi 20. Ukiwa na spana ya sentimita 20, hiyo ni sawa na kuning'iniza ndoo yenye lita nane au tisa za maji kwenye ncha ya mkono wake. Si zaidi. Mkono wangu pamoja na bomba ulikuwa na sentimita 60, na kama nilisukuma kwa uzito wa kilo 20 tu, basi niliikaza kwa karibu nyutoni-mita 120, yaani mara sita ya inavyotakiwa. Tena plagi ilikuwa ya zamani na washa yake imekwisha kubonyea, haikuwa na unene wowote wa kutoa. Alama ilisogea, nikafurahi. Ikasogea tena kwa wepesi ambao haukunipendeza. Kisha spana ikazunguka bila kizuizi, nami nikajua, maana mkono hujua kabla ya kichwa. Chuma cha plagi ni kigumu na aluminiamu ni laini. Nyuzi za ndani ya kichwa cha silinda zilikuwa zimenyofoka, na nilipoitoa plagi zilitoka nayo kama waya mwembamba unaong'aa.

Mjomba alirudi jioni. Sikumficha. Kwetu mjomba na mpwa huitana kwa jina hilohilo moja, basi aliniita, "Mjomba, keti hapa." Akaniuliza nilikuwa nikitafuta nini. Nikamweleza habari za ulimi, na upepo, na moto mdogo kama kichwa cha pini. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Pikipiki ile ndiyo inayolipa ada ya binti yake na chakula cha nyumbani, na fundi alisema lazima kichwa cha silinda kifunguliwe, tundu lipanuliwe, likatwe nyuzi mpya na kuwekwa bushi ya chuma. Kazi ile ilikula siku tatu. Mjomba hakunipiga wala hakunitukana. Alisema tu, "Ukirudi shuleni umwulize mwalimu wako: upande huo uliokuwa ukiutafuta, una faida ya siku tatu?"

Nilimpelekea Mwalimu swali hilo juma la kwanza la muhula. Hakunijibu. Alisema swali la namna hiyo hujibiwa kwa kipimo, na kwamba shule inayo injini.

Wasomaji wanaoishi hapa wanaijua injini yenyewe. Ni ile ya petroli, ya silinda moja, inayopandisha maji ya kisima kwenye tangi umeme unapokatika, na siku isipowaka sisi sote huishia kubeba ndoo. Plagi yake ni ya milimita 14. Mimi nilikwisha kuandaa washa mbili za shaba, nilizozisugua kwa msasa na kuzipima kwa maikromita ya maabara, moja nene kuliko nyenzake kwa milimita 0.625, ili plagi igeuke nusu mzunguko. Kwa washa ya kwanza ulimi ulikaa mbele ya valvu ya kuingizia, hali iliyo mbaya kwa mujibu wa maneno ya mafundi. Kwa ya pili upande ulio wazi ndio ulioitazama valvu. Nilidhani nimemaliza.

Mwalimu akazitazama washa zangu, akauliza, "Umebadili mambo mangapi?" Nikajibu moja, upande. Akasema hapana, mawili, maana washa nene imeinyanyua pia plagi kwa milimita 0.625, na cheche haiko tena mahali pake pa kwanza. Tukiona tofauti, tutajuaje ni ya upande au ni ya kina? Nilikaa na swali hilo usiku mzima wa maandalio. Jawabu lilikuwa katika hesabu ileile. Nilitengeneza washa ya tatu, nene kuliko ya kwanza kwa milimita 1.25 kamili. Hiyo huirudisha plagi upande uleule wa kwanza baada ya kusogea mzunguko mzima, lakini huiacha juu zaidi. Basi, kama faida ni ya upande, washa ya pili itashinda peke yake, na ya tatu itafanana na ya kwanza.

Tulifunga mkono wa mafuta kwa waya ili usisogee. Badala ya tangi la petroli tuliunga chupa ya kupimia ya maabara, Mwalimu mwenyewe akimimina petroli, mbali na moto wowote, na mchanga ukiwa tayari ndani ya ndoo. Kila mara tulitia mililita 200, tukapima kwa saa muda injini iliounguruma, na kwa kijiti chenye alama kimo cha maji kilichopanda tangini.

Jumamosi ya kwanza tulifunga washa ya kwanza asubuhi, ya pili ikafuata, na ya tatu mwisho. Washa ya pili ilipandisha maji mengi kuliko ya kwanza kwa petroli ileile, na tofauti ilionekana kwa macho. Wenzangu wawili walipiga makofi. Mimi nilianza kuitunga barua ya mjomba kichwani. Kisha tukaipima ya tatu, ambayo inaelekea sawasawa na ya kwanza, nayo pia ikaishinda ya kwanza, tena kwa kiasi kilekile! Makofi yakakoma. Mwalimu aliuliza injini ilikuwa na joto gani tulipoanza, na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba asubuhi tuliiwasha ikiwa baridi kabisa, na mara zile nyingine ilikuwa bado ina joto la kazi iliyotangulia. Injini ya baridi hutumia petroli vibaya. Tulikuwa tumepima joto, tukalipa jina la upande wa plagi.

Nataka wenzangu wapatiao alama nzuri katika mitihani ya vitendo walifikirie jambo hili. Kama nisingetengeneza washa ile ya tatu, leo ningekuwa naandika makala ya kusifu kuelekeza plagi, nikiwa na kipimo na mashahidi wawili, na mtu mwingine angesoma na kushika bomba.

Jumamosi tatu zilizofuata tulibadili utaratibu. Hatukugusa plagi mpaka injini ipoe, kwa kuwa nyuzi za aluminiamu zenye joto huharibika upesi, na hilo mimi sihitaji kuambiwa. Kila mara tuliiacha iungurume dakika kumi kabla ya kupima. Na ili zamu ya washa isiwe na upendeleo, tulipiga kura kwa vikaratasi ndani ya kofia. Kila washa ilipata zamu tano. Tulipozipanga hesabu zetu ubaoni tuliona kwamba zamu tano za washa moja hazikulingana zenyewe kwa zenyewe, na tofauti zilizokuwa baina ya zamu hizo zilikuwa kubwa kuliko tofauti baina ya washa na washa. Maana yake, kwa vyombo vyetu, upande wa ulimi haukuonekana.

Hatukusema kwamba haupo. Mwalimu alisisitiza maneno hayo nami nayarudia. Fundi wa mashindano anayo mashine ya kupimia nguvu za injini, anayo injini yenye silinda nane, na anatafuta kachembe kadogo kwa sababu mshindi na mshindwa hupishana kwa sehemu ya sekunde. Yeye hupata kitu, ingawa ni kidogo. Pampu yetu, na pikipiki inayobeba abiria na gunia la mkaa katika barabara ya vumbi, hazimo katika hesabu hizo.

Kuna mahali pamoja ambapo upande ni jambo la lazima. Injini nyingine za kisasa za magari hazichanganyi petroli na hewa nje, bali petroli hupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa shinikizo kubwa, na mara nyingine wingu la petroli hupita karibu sana na plagi. Ulimi ukisimama njiani huweza kulowa na kuharibu uwakaji. Kwa baadhi ya injini hizo kiwanda chenyewe hukata nyuzi za plagi na za kichwa cha silinda kwa mpango, ili plagi ikikazwa kwa kipimo kilichoandikwa ulimi ukae pake. Mwenye gari la namna hiyo hana la kuchora wala la kusugua. Anunue plagi iliyotajwa katika kitabu cha gari na aikaze kwa kipimo.

Jambo lililotushangaza zaidi ni lile ambalo hatukulipanga. Jumamosi ya mwisho tulichukua plagi kuukuu ya pampu, iliyokuwa imetupwa katika stoo, tukaufuata mwanya wake kwa vipimo vya bapa. Ulikuwa umekula mpaka umepita milimita 1. Tuliifunga hivyohivyo. Injini ilitaka kamba ivutwe mara nyingi ndipo iwake, na ilipowaka ilikohoa kila tulipoitwisha mzigo. Tukaitoa, tukaisafisha, tukaugonga ulimi kidogo kidogo mpaka mwanya ukawa milimita 0.7, tukairudisha bila kuangalia inaelekea wapi. Ikawaka kwa mvuto wa pili na kuunguruma sawasawa. Hapakuhitajika saa, wala kijiti, wala kofia ya kura. Sababu ni rahisi: kadiri mwanya unavyopanuka ndivyo volti nyingi zaidi zinavyohitajika kuuruka, na koili ikishindwa hakuna cheche ya kuelekezwa popote.

Kwa hiyo mwenye pikipiki na ashughulike na haya. Apulize mchanga ulio kando ya plagi kabla ya kuifungua, la sivyo utaingia silindani. Aifunge kwa vidole mpaka ikome, ndipo ashike spana. Plagi inayogoma kwa vidole imeingia upande, na kuilazimisha ni kukata nyuzi. Ikiwa mpya yenye washa, akaze kama karibu nusu mzunguko baada ya vidole, au kama boksi linavyoagiza. Ikiwa ya zamani, kidogo sana kuliko hapo, maana washa yake imekwisha kubonyea. Plagi ya milimita 10, iliyo katika pikipiki ndogo, hutaka nyutoni-mita 10 hadi 12 tu, na ile ya milimita 14 hutaka 25 hadi 30 katika aluminiamu. Aangalie pia namba ya joto. Kwa plagi za NGK namba kubwa ni plagi ya baridi zaidi, lakini kwa Bosch na Champion namba kubwa ni ya joto zaidi, na nimeona dukani watu wakibadilishana kana kwamba zote zina lugha moja. Na akiitoa aisome rangi yake: kahawia au kijivu hafifu ni afya, masizi meusi makavu ni petroli iliyozidi au plagi ya baridi mno, weusi wenye mafuta ni oili inayopanda, na weupe kama chokaa ni joto lililopita kiasi.

Siku ya wazazi mjomba alikuja na pikipiki yake. Nilimpeleka kwenye pampu, nikamwonyesha washa tatu, daftari la vipimo, na ubao ambao Mwalimu alikuwa hajaufuta. Aliuliza maswali kuliko wazazi wengi waliopita pale siku ile, hasa habari ya kofia na kura, ambayo ilimchekesha kwanza na baadaye ikampendeza. Kisha tukatoka nje, akachuchumaa kando ya pikipiki, akaigusa kauri ya plagi iliyokaa katika ile bushi mpya ya chuma.

"Na hii sasa imeelekea wapi?" akauliza.

Nikamwambia sijui, maana fundi aliyeifunga hakuweka alama, na kujua ningelazimika kuifungua.

"Basi usiifungue," akasema, akapiga teke la kuwashia. Iliwaka mara ya kwanza.